CHOKAA KWA SHAMBA LILILOCHOKA

Mkulima wa Isikizya na sehemu nyingine za Uyui akiona mahindi yamedumaa na karanga zimetoa maganda matupu, husema shamba limechoka. Aghalabu dawa yake huwa shoka. Miombo hukatwa, matawi huchomwa, na shamba jipya hufunguliwa. Mavuno ya kwanza huwa mema. Baada ya misimu michache udhaifu hurudi, na maua yaliyolisha nyuki yamekwisha kutoweka pamoja na miti.

Nguvu ya shamba jipya hutokana kwa sehemu kubwa na majivu, ambayo hupunguza tindikali ya udongo. Mvua zikiisha kuyaosha, tindikali hurudi. Chokaa ya kilimo yaweza kufanya kazi hiyo pasipo kukata mti.

Madhara ya tindikali

Tindikali hutambuliwa kwa kipimo cha pH. Namba 7 ni katikati. Chini yake ni tindikali, na kila namba moja inaposhuka, tindikali huongezeka mara kumi. Mazao mengi hustawi kati ya 5.5 na 7. Chini ya 5.5, alumini iliyomo udongoni huyeyuka na kudumaza mizizi, nayo fosfati ya mbolea hufungwa isipatikane kwa mmea. Hivyo mwanachama hukatwa deni la mbolea ambayo zao lake halikuila. Karanga nazo hunyonya kalisi moja kwa moja kutoka udongo unaozunguka ganda. Ikikosekana, ganda hubaki tupu.

Udongo wa mchanga huoshwa upesi na mvua. Baadhi ya mbolea pia huongeza tindikali: kilo 100 za salfeti ya amonia (SA) huhitaji kilo 110 hivi za chokaa ya mawe ili kuondoa tindikali yake. Mbolea ya CAN haina madhara makubwa kama hayo.

Kupima kwanza

Chokaa isinunuliwe kwa kukisia. Udongo mweusi wa mbuga mara nyingi hauihitaji kabisa. Udongo uchukuliwe mahali 15 hadi 20 katika shamba, kina cha sentimita 20, uchanganywe katika ndoo safi, ukaushwe kivulini, na nusu kilo itiwe mfukoni pamoja na jina la shamba. Ofisa ugani au kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, karibu na mji wa Tabora, waulizwe namna ya kuupima.

Jibu likitaka tani 1 kwa hekta, hiyo ni mifuko 8 ya kilo 50 kwa eka. Kuzidisha ni hasara: katika mchanga, chokaa nyingi huzuia zinki na boroni, na katika tumbaku huchochea baadhi ya magonjwa ya mizizi.

Kuitia shambani

Chokaa ya mawe yaliyosagwa ndiyo salama zaidi. Ile yenye magnesi hufaa pale udongo unapopungukiwa madini hayo. Chokaa isiyozimwa huunguza ngozi na macho. Isitumiwe na asiyeijua.

Chokaa imwagwe sawasawa mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kupanda, yaani mnamo Septemba au Oktoba, kisha ifukiwe kwa jembe kina cha sentimita 15 hadi 20. Isichanganywe na urea, SA wala samadi mbichi, kwani naitrojeni itapotea hewani. Kazi yake hudumu misimu kadhaa, lakini haichukui nafasi ya mbolea wala samadi.

Wajibu wa chama

Mawe ya chokaa ya nchi hii huchimbwa mbali, kama Tanga na Songwe, hivyo uchukuzi waweza kuzidi bei ya mzigo. Mwanachama mmoja hawezi kuumudu. Chama kikiagiza kwa pamoja, gharama hupungua. Hapana budi katibu awe na daftari la majibu ya vipimo, na agizo lisipite mahitaji yaliyopimwa, kwa sababu kila mfuko uletwao kwa mkopo utakatwa katika mauzo ya mkulima.

Msimu wa kwanza, kila chama kitenge robo eka itiwe chokaa na robo eka kando yake iachwe bila chokaa, zote kwa mbegu na mbolea ileile. Mavuno yapimwe mbele ya wanachama, na mkutano mkuu uamue kwa kutazama mizani.