Mafuta na Seli Zitengenezazo Insulini: Lini Chakula Hugeuka Mzigo?

Mgonjwa wa kisukari huonywa mara nyingi kuhusu sukari, lakini ni nadra kuelezwa kwamba mafuta nayo huziathiri seli zitengenezazo insulini. Seli hizo, ziitwazo seli beta, zimo katika kongosho, ndani ya vikundi vidogo alivyovieleza Paul Langerhans wa Ujerumani mwaka 1869. Ndiyo maana huitwa visiwa vya Langerhans.

Seli beta huhitaji nishati saa zote. Usiku au wakati wa kufunga, mwili huyavunja mafuta yake ya akiba yakawa asidi za mafuta. Seli beta huziunguza asidi hizo na kupata nguvu za kuishi, bila kumwaga insulini nyingi wakati isipohitajika.

Baada ya mlo, glukosi huwa ndiyo kuni kuu, na uunguzaji wa asidi za mafuta hupungua. Nishati ya glukosi hufunga njia za potasiamu katika utando wa seli. Njia za kalsiamu hufunguka, na insulini humwagwa. Hapo asidi za mafuta huwa kichocheo: hugusa kipokezi kiitwacho GPR40 na kuongeza insulini itokayo.

Madhara huanza pale sukari na asidi za mafuta zinapozidi kwa muda mrefu. Seli hushindwa kuunguza zote, ziada hurundikana, na uwezo wa kutengeneza insulini hudhoofika. Baadhi ya seli hufa.

Hata hivyo, kudhoofika si kufa. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa kuanzia Desemba 2017, ulihusisha watu wenye kisukari cha aina ya pili kilichogunduliwa ndani ya miaka 6. Karibu nusu ya waliowekwa katika mpango wa kupunguza uzito walikuwa, baada ya mwaka mmoja, wametoka katika kiwango cha kisukari bila dawa. Seli beta zao zilirudia kumwaga insulini vizuri zaidi.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya asingoje: mgonjwa mpya wa aina ya pili mwenye uzito uliozidi aelezwe mapema thamani ya kuupunguza. Naye mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Safari hiyo huhitaji vipimo na usimamizi wa daktari.