Maradhi Yanayojificha Chini ya Ushungi

Mzazi mmoja alitujia msikitini akiomba binti yake asomewe. Nywele za binti zilikuwa zikinyonyoka kwa viraka, na jirani alikwishatamka kuwa ni husda. Miezi kadhaa ushungi ulikuwa umelisitiri jambo hilo hata kwa ndugu zake. Tulimsomea, kisha tukamsihi mzazi ampeleke hospitali.

Upara wa viraka hutokea pale kinga ya mwili inapokosea na kushambulia mashina ya nywele. Hauambukizi kama mapunye. Sehemu kubwa ya chembe za kinga hukaa utumboni, jirani na bakteria wasiohesabika, na ndiyo maana watafiti wameelekeza macho huko.

Mwaka 2017 watafiti wa Japani waliwapa panya antibayotiki na kuwalisha chakula kisicho na bayotini, vitamini ambayo nywele huihitaji. Bakteria wa aina moja wakazidi utumboni, wakaitumia bayotini iliyobaki, na panya wakanyonyoka manyoya. Mwaka huohuo madaktari wa Marekani waliripoti habari za wagonjwa wawili waliopoteza nywele mwili mzima. Walipopandikiziwa kinyesi cha watu wenye afya ili kutibu maambukizo ya utumbo, nywele zilianza kuota.

Hata hivyo, panya si binadamu, na wagonjwa wawili hawatoshi kuwa hoja. Tujihadhari na wauzao dawa za kusafisha tumbo kwa ahadi ya kurejesha nywele. Aidha, upandikizaji huo unagusa suala la kujitibu kwa najisi, ambalo wanazuoni wamelijadili kwa kirefu.

Yaliyo mikononi mwetu ni mepesi. Tusinunue antibayotiki bila cheti cha daktari. Tule kunde, mboga za majani, matunda na maziwa ya mgando, kwani utumbo hunufaika navyo. Mwenye viraka amwone daktari wa ngozi, naye ataamua kama kuna haja ya kupima damu na tezi ya shingo. Wengi wenye viraka vichache huota nywele tena.

Dua na tiba havigombani, kwani Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Basi akina mama, mnapowasuka mabinti zenu, tazameni vichwa vyao kwa huruma, wala msiwaache na siri hiyo peke yao.

Wallahu a'lam.