Kuvuta na Kubeba ni Mambo Mawili

Wasomaji wetu wengi wana watoto na ndugu waliohamia Marekani na Kanada, na huenda baadhi ya hao wakausoma ukurasa huu huko huko waliko. Kwa ajili yao hasa ndiyo nimeshika kalamu, ingawa kila aliyepata kupakia mkokoteni atafahamu nitakalosema. Suala lenyewe ni hili: mtu akitaka kununua tela la nyumba ili asafiri na jamaa yake, achague gari gani la kulivuta, na aliunge kwa chombo gani?

Tela la nyumba ni nyumba ndogo juu ya magurudumu, isiyo na injini. Ndani yake mna vitanda, jiko, choo na tangi la maji. Jamaa za Kiislamu walioko huko wanalipenda, wala si ajabu: mama hupika chakula anachokijua, maji ya kutawadhia yapo, na wakati wa sala ukiingia husimama mahali pa salama wakasali bila ya kutafuta pa kujisitiri. Nami nalipenda. Lakini lilikaribia kutuua.

Mwaka 2023 nilikwenda kumzuru binti yangu aliyeolewa Columbus, katika jimbo la Ohio. Mumewe alikuwa amenunua tela la futi 26, na gari la kulivuta alikuwa nalo tayari, motokaa kubwa ya viti vinane aliyokuwa akiwapelekea watoto shuleni. Aliyemwuzia tela alimwuliza aina ya gari, akafungua kitabu, akamwambia, "Gari lako limeandikiwa kuvuta ratili 7,000, na tela hili ni ratili 5,000. Huna la kuogopa." (Ratili moja ni kama gramu 454, Wamarekani hawajaacha kupima kwa ratili.) Basi tukaingia sote saba, mkwe wangu, binti yangu, wajukuu wanne na mimi, tukaelekea kusini kwenda milima ya Great Smoky iliyoko Tennessee.

Ohio na Kentucky tulizipita kwa raha, ila niliona kwamba pua ya gari imeinuka kama mashua iliyopakiwa shehena yote tezini. Mkwe wangu akasema usukani umekuwa mwepesi. Yeye aliona ni nafuu, kumbe ilikuwa dalili. Barabara kuu namba 75 huvuka mlima wa Jellico pale Kentucky inapopakana na Tennessee, na tulipokuwa tukiteremka, lori kubwa likatupita kwa kasi. Upepo wake ulilisukuma tela kando, kisha ukalivuta kulirudisha, na tela likaanza kuyumba, kushoto na kulia, kila mara likizidi, nasi tukiyumba nalo. Binti yangu alitamka shahada. Watoto walinyamaza kimya. Mkwe wangu akakanyaga breki, na kuyumba kukazidi. Mwenyezi Mungu akatuhifadhi. Njia ilinyoka, mwendo ukapungua, tukasimama kando. Vidole vya mkwe wangu vilikuwa bado vimeukamata usukani, hata nikamwambia, "Mwanangu, tumekwisha simama."

Katika kituo cha mapumziko kilichofuata, mzee mmoja wa Kimarekani mwenye tela lake alikuja kutuamkia na kutuuliza habari. Nilidhani atalikagua tela letu. Hakulitazama. Alifungua mlango wa dereva, akainama, akasoma kibandiko kidogo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango, kisha akatuhesabu kwa kidole, mmoja baada ya mmoja.

Kabla sijaeleza alichokihesabu, turudi kwenye mkokoteni wetu. Hamali wa Mombasa mwenye mkokoteni wa magurudumu mawili anajua kwamba magunia yakirundikwa nyuma, miti ya kushikia humwinua miguu juu, na mkokoteni humpeleka utakako wenyewe. Yakirundikwa mbele mno, humvunja kiuno. Hupanga mzigo hata miti imlemee kidogo mikononi, ndipo husukuma. Tela nalo ni hivyo hivyo. Shingo yake, yaani ule mti wa chuma wa mbele unaokaa juu ya gari, yapasa ilemee gari kwa kiasi cha sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wote wa tela. Ikilemea pungufu ya hapo, tela huyumba. Kwa hiyo gari linalovuta lina kazi mbili: linavuta tela zima, na wakati huo huo linabeba mgongoni sehemu ya tela hilo, pamoja na watu wote waliomo, masanduku yao na kiungio chenyewe. Ile namba kubwa ya matangazo ni ya kazi ya kwanza. Namba ya kazi ya pili imo katika kibandiko cha mlangoni, ambacho sheria ya Marekani inataka kila gari jipya la jamaa liwe nacho, kikitaja jumla ya uzito wa watu na mizigo isiyofaa kuzidishwa.

Kibandiko chetu kilisema ratili 1,350. Sasa na tuhesabu kama alivyohesabu yule mzee, kwa kalamu juu ya mfuko wa karatasi. Mkwe wangu 190, binti yangu 160, mimi 165, na wajukuu wanne kwa jumla 360. Hizo ni 875. Mizigo ya nyuma 120. Kiungio 80. Ama tela, zile ratili 5,000 za kitabuni zilikuwa za tela tupu lililotoka kiwandani. Tulikuwa tumelijaza maji galoni 40, na galoni moja ya Marekani ni ratili 8 na theluthi. Tulikuwa na mitungi miwili ya gesi, betri, sufuria, matandiko, mchele, viti na baiskeli. Lilikuwa limefika ratili 6,200. Sehemu 13 katika 100 za hizo ni 806. Jumla ya mgongoni ni 1,881, na haki ya gari ilikuwa 1,350. Tulizidi kwa ratili 531, hali uzito wa kuvuta ulikuwa bado uko chini ya zile 7,000 alizotajiwa. Muuzaji hakusema uongo. Alisema nusu ya habari.

Kwa nini basi viwanda huandika namba kubwa namna ile? Vingi hufuata kanuni iitwayo J2807 ya jumuiya ya wahandisi SAE. Miongoni mwa majaribio yake ni kupanda mlima kutoka Davis Dam, Arizona inapopakana na Nevada, njia ya zaidi ya maili 11, katika joto la digrii 100 za Fahrenheit, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na gari la kawaida halitakiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Ni mtihani wa haki. Lakini humhesabu dereva na abiria mmoja tu, kila mmoja ratili 150. Mtu na mkewe, bila ya watoto, bila ya babu! Kwa jamaa zetu namba hiyo hupungua kila mtoto anapozaliwa, na ndiyo sababu jambo hili latuhusu sisi kuliko wengi.

Kwa hiyo anayechagua gari aanze mlangoni, wala asianze na injini. Injini za siku hizi zina nguvu. Kinachokwisha mapema ni springi, ekseli na mipira. Atazame pia urefu baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwani gari refu haligeuzwi upesi na tela. Malori madogo ya wazi yale makubwa, ya jamii ya F-250 na Ram 2500, mgongo wao ni imara, ila mwenye kuchukua injini ya dizeli ajue kwamba ni nzito nayo huila haki ya kubeba. Nyingine hubakiwa na ratili chache kuliko zile za petroli. Tena viti vyake ni sita kwa wingi. Wenye watoto wengi huenda wakafaa zaidi kwa basi dogo la abiria 12 lililojengwa juu ya chesi ya lori. Si zuri machoni. Na mtu asidhani kwamba atawaweka waliozidi ndani ya tela wakati wa mwendo. Majimbo mengi yamekataza, na aliyeona tela likiyumba hahitaji sheria kumkataza.

Sasa kiungio. Nyuma ya gari huwa kuna tundu la mraba, aghalabu la inchi 2, ambamo huingizwa chuma chenye tufe, na juu ya tufe hilo hukaa kikombe cha shingo ya tela. Lipo tufe la inchi 2, lipo la inchi 2 na 5/16, na tofauti yao haionekani upesi kwa macho. Kikombe kikubwa huketi juu ya tufe dogo kama kilichofunga sawasawa, kisha kikaruka kwenye shimo la kwanza la njia. Soma namba iliyochorwa juu ya tufe na ile ya kikombe, usikisie. Tundu lenyewe lina kibandiko chake: letu liliandikwa ratili 500 za shingoni kwa kiungio cha kawaida, na 750 kwa kiungio chenye springi za kugawa uzito. Nasi tulikuwa na 806 juu ya kiungio cha kawaida!

Kiungio cha kugawa uzito ndicho kinachofaa kwa tela la nyumba la kadiri hii. Kina fito mbili za chuma cha springi zitokazo kwenye kichwa cha kiungio na kushikwa kwenye shingo ya tela. Zikikazwa hufanya kazi kama wenzo: uzito ulioiinua pua ya gari hurudishwa sehemu kwenye ekseli ya mbele, na sehemu nyingine kwenye magurudumu ya tela. Magurudumu ya mbele yakapata kushika njia, na usukani ukawa na maana. Vingine vina na vizuizi vya msuguano vinavyopunguza kuyumba. Hata hivyo kiungio hiki hakiongezi haki ya kubeba iliyoandikwa mlangoni, na gari nyingine vitabu vyake vinakikataza, basi kitabu kisomwe kwanza.

Breki sitasema kwa urefu. Tela la uzito huu lina breki zake za umeme, na gari lazima liwe na kifaa cha kuziamrisha, chenye kitasa cha kubana kwa mkono. Tela likiyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, ushike usukani sawa, ukibane kitasa hicho ili tela peke yake livutike nyuma na kunyoka. Usikanyage breki ya gari. Minyororo miwili ipishane chini ya shingo ili ishingo ikikatika idakwe isiguse njia, na waya wa breki ya dharura ufungwe kwenye chesi ya gari, si kwenye minyororo.

Huenda kijana akauliza kama wazee wa zamani walijua yote haya. Wally Byam, Mmarekani aliyeanzisha Airstream, aliongoza mwaka 1959 msafara wa matela kama 40 kutoka Cape Town, ukapita Afrika ya Mashariki na Uhabeshi, ambako walionana na Mfalme Haile Selassie, na mwaka 1960 ukafika Misri. Njia zenyewe mnazijua zilivyokuwa miaka ile. Wengi wao hawakuvuta kwa motokaa za mjini. Walivuta kwa malori madogo, na hata hayo yalivunjika na kutengenezwa njiani.

Mkwe wangu aliuza ile motokaa kwa hasara, akanunua basi dogo lililotumika lenye kibandiko cha ratili 3,200. Binti yangu alilalamika kwamba wanafanana na wasafirishaji wa wazee wa hospitali. Akanunua na kiungio cha springi, kisha kabla ya safari nyingine tukaenda kwenye mizani ya malori, ambayo ipo katika vituo vingi vya mafuta kwenye barabara kuu, nayo hupima kila ekseli mbali. Tulipima mara tatu. Bila ya tela, sote tukiwa ndani, basi lilikuwa ratili 7,505, na ekseli yake ya mbele 3,340. Tela likiwa limeungwa bila ya fito, basi likawa 8,315, maana yake shingo inalemea 810. Na ekseli ya mbele ikashuka hadi 3,020. Tukazikaza fito, tukapima tena: ya mbele ikarudi 3,240. Basi liliandikiwa ratili 9,600.

Mjukuu wangu wa pili, mwenye miaka tisa, aliitaka ile karatasi ya mizani akaiweka ndani ya juzuu yake. Tulipofika Jellico mara hii, malori matatu yalitupita wakati tukiteremka. Alikuwa akiyahesabu kwa sauti, na tela likafuata nyuma yetu kimya.