Hofu ya Mwanafunzi wa Uganga

Wazazi wapenzi, jina la kijana lionekanapo katika orodha ya wale watakaosomea uganga, ukoo mzima hushangilia. Mbuzi huuzwa ili kulipa karo; shangazi hutoa akiba yake; mama huanza kumwita Dokta kabla hajafungua kitabu cha kwanza. Furaha hiyo ni ya haki. Walakini kijana huuchukua moyoni mzigo huo wote, juu ya ule wa vitabu.

Tena ule wa vitabu si mwepesi. Ni miaka sita au saba. Atajifunza viungo vya mwili juu ya maiti, naye labda tangu utoto alifundishwa kumwogopa mfu. Kisha hospitali: kukesha, kuulizwa na mwalimu mbele ya kitanda cha mgonjwa, wenzake wote wakisikiliza, na siku moja kumwona mtoto akikata roho ingawa dawa zote zimetolewa. Kuna na jambo ambalo walimu wa uganga hulijua tangu zamani, nao hulicheka kidogo: mwanafunzi akisoma jioni habari za ugonjwa wa moyo, usiku husikia moyo wake mwenyewe unakwenda vibaya.

Kijana wenu hayuko peke yake. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya pamoja uchunguzi wa nchi mbalimbali juu ya wanafunzi wa uganga zaidi ya 40,000, wakaona kwamba karibu theluthi moja walisumbuliwa na wasiwasi.

Hata wazee wetu walipita hapo. Uhuru ulipofika mwaka 1960, wasaidizi wa waganga wa Kongo, watu waliokwisha kutibu wagonjwa miaka mingi, walipelekwa Ufaransa wakamilishe masomo ya udaktari. Wakakaa tena bencini pamoja na vijana. Hatudhani kwamba walilala usingizi mzito usiku wa kuamkia mtihani!

Hofu ya namna hiyo si ugonjwa. Humwamsha mtu asome, na mtihani ukiisha huondoka. Ile ya kuangaliwa ni nyingine: haiondoki, humnyima mtu usingizi na chakula, humtenga na wenzake, humtia katika pombe, hata humletea mawazo ya kufa. Mwenye hofu hiyo ahitaji mganga, kama vile mwenye malaria. Lakini yeye hasa ndiye ajifichaye, kwa kuwa adhani watasema: mgonjwa atamponyaje mgonjwa? Nyumbani nako huambiwa ni mvivu, au mjomba amemloga. Basi hunyamaza. Asali, naam, na padri amsikilize. Padri mwenye busara atamwelekeza pia kwa mganga.

Atakaporudi likizoni msianze na alama zake. Mwulizeni kama hulala. Na akiwa ameanguka katika mtihani wa kwanza, baba amwambie waziwazi kwamba uko wa pili, na kwamba yule mbuzi hadaiwi.