Blu-ray Kwa TV ya Zamani: Utaona Poa Ama Unachoma Ganji Bure?

Kuna morio wangu wa mtaa alikuja kwa keja juzi na boksi mkononi, anasmile kama msee ameomoka. Ndani kulikuwa na Blu-ray pleya ya mtumba, ameichukua tao kwa thao nne. Mpango wake ulikuwa mmoja tu: kuipeleka ushago kwa mathee, ndio mathee aache kuangalia muvi ziko na ukungu. TV ya mathee sasa, ni ile ya mgongo mkubwa nyuma, ile siku ilipoletwa ilibebwa na watu wawili kutoka kwa matatu hadi sitting room.

Nikamuuliza swali moja: "Buda, ulicheki nyuma ya TV ya mathee kuna mashimo gani?"

Akanyamaza.

Kama wewe pia umeona Blu-ray ya bei poa na unataka kutuma M-Pesa, tulia kwanza. Soma hii hadi mwisho, juu hiyo thao nne yako inaweza kukupa raha ama ikukalie kwa kabati ikikula vumbi.

Hesabu ya mistari

Picha ya TV huchorwa kwa mistari, moja juu ya ingine, kutoka juu hadi chini. TV za mgongo zenye tumekua nazo hapa Kenya zinatumia mfumo wa PAL, na mistari yenye unaona kwa kioo ni 576. DVD ilitengenezwa ikiendana na hiyo hesabu: picha yake ni nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwenda chini. Ndio maana DVD na TV ya mgongo zilikuwa zinaelewana kama chai na mandazi.

Blu-ray nayo ilikuja 2006, na picha yake ni nukta 1920 kwa 1080. Piga hesabu kwa simu yako. DVD inakupa nukta 414,720. Blu-ray inakupa 2,073,600. Hiyo ni mara tano kamili. Ndio maana diski yenyewe inabeba mzigo mkubwa: safu moja ya Blu-ray inaingiza GB 25, wakati DVD ya kawaida ya safu moja inaishia 4.7.

Sasa shida iko hapa. Uko na jerikeni ya lita tano, na chupa yako ni ya lita moja. Hata ukimwaga aje, chupa itajaa lita moja na hiyo ingine itamwagika chini. TV ya mgongo ya mistari 576 haiwezi onyesha 1080, hata ukiichomekea pleya ya sonko. Pleya itapunguza picha kwanza ndio TV iweze kuimeza.

Kuna tofauti yoyote utaona? Kusema ukweli, iko ndogo. Picha ya Blu-ray haijabanwa sana kama ya DVD, so hata ikipunguzwa inaweza toka safi kidogo, hasa kwa zile sehemu za giza ama watu wakikimbia. Lakini si ya kuita majirani.

Na kama TV yako ni ile ya umbo la mraba, kuna kitu ingine. Muvi ni pana, so utapata utepe mweusi juu na chini. Kati ya ile mistari 576, muvi ya upana wa kawaida inatumia 432 tu. Zile muvi za sinema zenye ni pana zaidi zinatumia hata chini ya hiyo. Alafu menyu za Blu-ray zina maandishi madogo yametengenezewa kioo kikubwa. Mathee atavaa miwani na bado aulize "imeandikwa nini hapo?"

Cheki mashimo ya nyuma

Hapa ndio wasee wengi huangukia. Geuza TV yako, uangalie.

Ukiona tundu za rangi ya manjano, nyekundu na nyeupe, hiyo ni AV. Manjano inabeba picha yote kwa waya moja, nyekundu na nyeupe zinabeba sauti. Hii waya haibebi HD, hata siku moja. Na kama uko na dikoda ile wengi walibuy wakati analojia ilizimwa 2015, kuna uwezekano hiyo AV tayari iko na mwenyewe. Utakuwa unachomoa dikoda kila ukitaka muvi.

Ukiona tundu tatu za kijani, bluu na nyekundu, hapo uko na afadhali. Hizo zinagawa picha kwa waya tatu, na zinaweza beba HD kama TV yenyewe iko na uwezo. TV za flat za kwanza kwanza ziko nazo mara nyingi.

Ukiona HDMI, uko sawa. Hiyo ndio njia ya Blu-ray.

Na sasa mtego wenyewe. Pleya nyingi za kisasa hazina ile tundu ya manjano kabisa. Si eti kampuni zilisahau. Kuna sheria za kulinda muvi zisikopiwe, mfumo unaitwa AACS. Kwa hizo sheria, pleya za kuanzia 2011 zilibanwa zisitoe Blu-ray kwa HD kupitia waya za zamani, alafu baada ya mwisho wa 2013 kampuni zikaambiwa ziache kutengeneza pleya ziko na njia ya picha ya analojia. So pleya ikiwa mpya zaidi, ndio inazidi kukataa TV ya zamani. Inatoa HDMI peke yake.

Utaambiwa na muuzaji, "Hiyo si shida bro, chukua konvata." Ni kweli kuna kaboksi ka kugeuza HDMI iwe AV. Lakini kanataka moto wake pia, kanarudisha picha kwa zile 576 tu, na wakati mwingine picha inakataa kutoka juu ya kufuli ingine inaitwa HDCP. Umenunua pleya, umenunua konvata, na unaona kitu DVD ya bei ya chini ingekuonyesha.

TV ya flat ya zamani je?

Hapa mambo inabadilika. Kama uko na zile flat za inchi 32 zimeandikwa HD Ready, nyingi zao ni nukta 1366 kwa 768. Hazifiki 1080, lakini hiyo ni kama mara mbili na nusu ya DVD. Tofauti utaiona, tena bila kuambiwa.

Na usiumwe na roho eti haujafika Full HD. Jicho la msee wa kawaida liko na mpaka wake. Kwa TV ya inchi 32, ukikaa zaidi ya mita mbili hivi, hauwezi tofautisha mistari 720 na 1080. Pima bedsitter yako kutoka kwa kitanda hadi kwa ukuta wa TV, utaelewa. Ukisonga nyuma hadi karibu mita mbili na nusu, hata DVD safi inaanza kukaribiana na Blu-ray kwa hicho kioo. Full HD inaanza kulipa ukikaa karibu ama ukiwa na kioo kikubwa, kama inchi 55.

Unaiwekea nini?

Swali hili wengi hawajiulizi. Zile diski za muvi nane kwa moja? Chukua GB 4.7 ugawanye kwa nane. Kila muvi inabaki na kama MB 600. Hiyo hata kiwango cha DVD haijafika. Blu-ray pleya itaivuta ijae kioo, lakini haiwezi rudisha nukta zenye zilitupwa kitambo. Ukungu utabaki ukungu, tu sasa ni ukungu mkubwa.

Diski za Blu-ray za ukweli nazo ziko na mipaka ya dunia. Kenya tuko eneo B pamoja na Ulaya. Marekani iko eneo A. So binamu akikutumia diski kutoka Marekani, pleya yako inaweza ikatae. Pleya ya ex-UK itaelewana na sisi upande wa Blu-ray, lakini upande wa DVD Uingereza ni eneo 2 na sisi ni 5, so DVD orijino ya huku yenye imefungwa inaweza goma. Na kama pleya imetoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma kwanza. Kama haijaandikwa 100–240V, stima yetu ya 240 itaichoma kabla uone hata nembo.

So inafaa lini?

Chukua ukiwa na flat yenye iko na HDMI, hata kama ni ya zamani. Chukua pia kama unapanga kubadilisha TV karibuni, juu pleya itakungoja. Na kama wewe ni mtu wa sauti, jua sauti haijali miaka ya TV. Blu-ray hubeba sauti yenye haijapunguzwa, lakini ili uisikie yote unahitaji mashini ya sauti yenye inaingiza HDMI. Ukiunganisha woofer kwa nyekundu na nyeupe, utapata spika mbili tu, kushoto na kulia.

Wacha kama TV ni ya mgongo. Tafuta DVD pleya ya kawaida, na kama TV iko na tundu nzuri kuliko ile ya manjano, weka hiyo doo kwa waya. Hapo utaona tofauti kwa bei ya fare.

Ukienda kubuy ya mtumba, usikubali kuonyeshwa taa imewaka tu. Beba diski ya Blu-ray na ya DVD, zote zicheze kama dakika kumi ukiwa hapo. Uliza rimoti. Hesabu tundu za nyuma na ulinganishe na picha umepiga ya nyuma ya TV yako.

Na morio wangu? Pleya yake ilikuwa ya HDMI peke yake, na muuzaji akamwambia mali ikiuzwa hairudi. So akaiweka kwa keja yake, kwa ile 32 yake, na saa hii ndio mahali tunaendanga kuangalia muvi Jumapili. Mathee alibuyiwa DVD pleya ya thao moja na soo tano. Alipoiwasha, diski ya kwanza aliweka ilikuwa ya harusi ya sistake morio, ile ilipigwa na kamera ya kukodisha na ikachomwa kwa DVD kitambo. Hiyo haingekuwa HD kwa pleya yoyote. Aliiangalia yote, akairudisha mwanzo.

Wewe kabla utume doo, enda ugeuze TV uangalie nyuma.