Maghorofa ya Kivukoni na fedha za wastaafu

Majengo marefu yanayotazama bahari kati ya Feri na bandari ya Dar es Salaam, yakiwemo yale pacha ya ghorofa 35 kando ya Barabara ya Sokoine, yana mpango unaofanana. Chini huwekwa benki na fremu za maduka, juu yake maegesho, kisha ofisi, na kwenye baadhi yake ghorofa za juu huachiwa makazi au hoteli. Wawekezaji huupenda mchanganyiko huo kwa sababu pango la ofisi likilegea, la makazi huziba pengo. Lakini sehemu kubwa ya majengo makubwa ya katikati ya jiji imejengwa kwa michango ya wafanyakazi, kupitia mifuko ya hifadhi ya jamii. Kwa hiyo kipimo chake halali ni pango linaloingia kila mwezi, likilinganishwa na kile ambacho fedha hizo zingezaa kwingine. Kipimo hicho ndicho ambacho mwanachama hakipati kwa namna anayoweza kuielewa.

Ofisa mmoja wa sekta ya nyumba, akizungumza kwa sharti la kutotajwa jina, anaitetea biashara hii kwa takwimu ambayo wasomaji wameisikia kwa miaka mingi: nchi ina upungufu wa nyumba milioni 3, na mahitaji mapya ni nyumba 200,000 kila mwaka. Kwa hesabu yake, jiji lililohesabiwa watu milioni 5.38 katika sensa ya 2022 haliwezi kukosa wapangaji. Takwimu hiyo inastahili kuchunguzwa, maana imekuwa ikitumika kuhalalisha karibu kila mradi, wa bei nafuu na wa kifahari. Upungufu unaozungumzwa ni wa familia zinazopanga chumba na sebule Mbagala, Manzese na Gongo la Mboto, zinazolipwa kwa shilingi, na nyingi hazina hati ya mshahara ya kupeleka benki. Riba ya mikopo ya nyumba imekuwa ikitajwa kuwa kati ya asilimia 15 na 19. Tuseme apatimenti yenye mwonekano wa bahari inauzwa shilingi milioni 300, na mnunuzi akakopa fedha zote kwa asilimia 17. Riba pekee ya mwaka wa kwanza inakaribia milioni 51, yaani zaidi ya milioni 4 kwa mwezi kabla hajagusa deni lenyewe. Upungufu wa nyumba ni wa kweli na unaumiza, ila haupungui hata kidogo kwa kuongeza ghorofa ya 30 Kivukoni. Anayeweza kulipa bei hiyo tayari ana pa kulala, na mara nyingi ni Masaki au Mikocheni, karibu na shule ya wanawe.

Upande wa ofisi, malalamiko yanaeleweka zaidi yakisikilizwa kwa mtu anayelipa. Wakala mmoja wa forodha, ambaye kwa kazi yake alistahili kabisa kuwa mpangaji wa eneo hili, anasema alihama baada ya kushindwa na masharti, wala si eneo lenyewe. Pango lilipangwa kwa dola na kulipwa kwa mkupuo wa miezi kadhaa mbele, ilhali wateja wake wanamlipa kwa shilingi na kwa kuchelewa. Juu ya pango kulikuwa na ada ya huduma: ulinzi, usafi, lifti na mafuta ya jenereta. Jengo la vioo lisilofunguka madirisha haliwezi kukaliwa saa moja bila kiyoyozi, kwa hiyo kila umeme ulipokatika gharama ilimrudia yeye. Chumvi ya bahari nayo hula mitambo na vyuma, na matengenezo hayo yote huishia kwenye ada hiyo hiyo. Sasa nyaraka nyingi za mizigo hupita kwenye mifumo ya mtandao, na yeye anafanya kazi Kurasini kwa sehemu ndogo ya gharama ya zamani. Kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, na kwenye karatasi hilo linajibu nusu ya kilio chake. Anadai hata hivyo kwamba wenye majengo wanaweza kutaja shilingi huku kichwani wakipiga hesabu ya dola, na pango likapanda kila mkataba unapohuishwa. Ni dai la mtu mmoja, lakini linaingia akilini.

Halafu kuna Dodoma. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia huko kwa vitendo, na wizara zikaanza kuhamia Mtumba mwaka 2019, Posta, katikati ya jiji, imempoteza mpangaji wa uhakika kuliko wote. Aliyebaki ni sekta binafsi, na nayo imekuwa ikisogea taratibu kuelekea maeneo ya Victoria, Makumbusho na Morocco, mahali ambapo mteja anapata pa kuegesha gari. Haishangazi kwamba ripoti za ukaguzi wa hesabu za umma zimewahi kutaja majengo ya uwekezaji yenye nafasi zisizopangishwa.

Watetezi wana jibu zito: majengo huishi miaka mingi kuliko misimu ya uchumi. Wanataja Canary Wharf ya London, ambayo mnara wake wa ghorofa 50 ulikamilika mwaka 1991, mjenzi akafilisika mwaka uliofuata, na leo hakuna anayesema kituo hicho cha fedha kilikuwa kosa. Mfano ni mzuri, ila usomwe wote. Kilichoiokoa Canary Wharf kwa kiasi kikubwa ni usafiri, hasa treni ya chini ya ardhi iliyofika mwaka 1999. Kivukoni haina upungufu wa usafiri: mwendokasi unaishia hapo tangu 2016, na stesheni ya treni ya SGR haiko mbali. Ikiwa mabasi na reli vimefika na bado mpangaji anasita, basi tatizo liko kwenye bei na masharti, na hayo hayaponi kwa kusubiri tu. Tena, hasara ya London iliwaangukia mjenzi na benki zilizomkopesha kibiashara. Hapa ingewaangukia walimu na wauguzi. Nairobi imetoa onyo la karibu zaidi: mnara ambao ujenzi wake ulizinduliwa Upper Hill mwaka 2017, ukitangazwa kuwa ungekuwa mrefu kuliko majengo yote Afrika, ulikwama njiani.

Jibu la pili ni kwamba mifuko lazima iwekeze kwa muda mrefu, na ardhi hailiwi na mfumuko wa bei. Ni kweli, lakini saruji haikuwa njia pekee. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 ililipa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, bila lifti, bila jenereta, bila dalali. Riba hizo zimeshuka baadaye, na si busara mfuko kuweka kila shilingi kwa mkopaji mmoja. Hata hivyo, anayetaka kujenga mnara mpya anapaswa kuonyesha kwamba pango, baada ya kutoa gharama na miezi ya nafasi tupu, litakaribia kiwango hicho. Swali hili si la wahasibu peke yao. Watumishi waliobishania kikokotoo cha pensheni tangu 2018, wakapata mkupuo wa asilimia 33 mwaka 2022, na baadhi yao kupandishiwa hadi 40 mwaka 2024, wana kila sababu ya kuuliza michango yao inazaa nini pale ufukweni.

Mwelekeo hauonekani wazi. Biashara ya bandari ikiendelea kukua, mawakala na kampuni za meli huenda wakazijaza ghorofa za chini, hasa wakipewa mikataba mifupi ya shilingi na vyumba vidogo badala ya ghorofa nzima. Ghorofa za makazi ni ngumu zaidi kujaza: sheria ya mwaka 2008 inaruhusu hati ya sehemu ya jengo, lakini hati haileti shule wala soko, na Posta ya Jumapili bado ni mitaa mitupu. Kabla msingi mwingine haujachimbwa Kivukoni, mifuko ichapishe kila robo mwaka, jengo kwa jengo, asilimia iliyopangishwa, pango lililokusanywa na deni la wapangaji. Takwimu hizo zipo kwenye vitabu vyao tayari, na mwanachama anayekatwa mshahara kila mwezi asichoke kuzidai.