Kuchora Sura kwa Rangi ya Mafuta (Sehemu ya 2): Vermeer Afundisha Eldoret

Baada ya vifaa, sasa ni kazi yenyewe. Mwanafunzi wa Eldoret aanze kwa kunakili picha gani ya kale? "Msichana Mwenye Hereni ya Lulu", aliyochora Mholanzi Johannes Vermeer yapata 1665, inafaa kuliko nyingi. Ina sentimita 44.5 kwa 39 tu, hivyo inanakilika kwa ukubwa wake halisi juu ya kipande cha amerikani kilichowambwa kwenye fremu na kupakwa rangi nyeupe ya msingi.

Anayeinakili huona asiyoyaona mtazamaji. Pua haina mstari wa kuitenga na shavu la upande wa pili. Ngozi imeungana, na jicho la mtazamaji ndilo linalomalizia umbo. Hereni nayo haina kulabu. Lulu nzima ni mguso mmoja mzito wa rangi nyeupe juu, na chini yake mwanga hafifu unaoakisi kola. Basi! Mtu huambiwa hayo asisadiki, mpaka ashike brashi.

Rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka. Mafuta ya kitani hufyonza oksijeni hewani na kugeuka kuwa utando mgumu, na baridi huchelewesha kazi hiyo. Katika mji ulio juu ya mita 2,000, Julai ni mwezi wa subira. Kwa hiyo tabaka la kwanza lichorwe kwa kahawia ya udongo iitwayo amba, ambayo manganizi iliyomo huiharakisha kukauka. Mafuta yaongezwe kadiri matabaka yanavyopanda. Ukipindua utaratibu huo, picha hupasuka.

Wapo wanaodai kunakili hudumaza ubunifu. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi 1984, anawajibu kwa kazi zake. Katika "The Fourth Estate" ya 2017 alichukua muundo wa Mhispania Goya, watu waliokaa juu ya tawi la mti, akautumia kuonyesha mkutano wa kisiasa nchini Kenya. Tena hakuchora juu ya kanvasi, bali juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya mti kutoka Uganda, mishono na matundu yake yakionekana.

Nakala ya kwanza ikishakauka, mwanafunzi amketishe jamaa yake karibu na dirisha lililo upande wa kushoto, aubakize mwanga wa Vermeer, abadilishe sura. Namna ya kuchanganya rangi za ngozi nyeusi, ambazo uhai wake uko kwenye mng'ao wa paji na mashavu, itaelezwa katika sehemu ya tatu.